Rubani na mnara: namna neno moja linaweza kuangusha ndege

Katika majimbo ya mashariki, watu wengi wanapanda avio si juu ya utajiri, ni juu barabara haipitiki. Mtu anajifunga mukaba, anaomba Mungu kidogo, na kazi yote anaiachia rubani. Lakini rubani haendeshi peke yake. Chini kuna waongozaji wa ndege, ambao wengi wetu tunawaita makontrolere, na wanaongea naye kwa redio. Wao hawaoni saa ya mafuta iliyo mbele ya rubani. Wanajua tu kile anachowaambia. Asiposema vizuri, ao wasipomwelewa, hakuna kitu kingine cha kuwaonya.

Kuna aksida moja inayoonyesha jambo hili wazi kabisa. Tarehe 25 mwezi wa kwanza 1990, Boeing 707 ya kampuni ya Avianca ilitoka Kolombia kwenda New York, Marekani, na watu 158 ndani. New York kulikuwa ukungu na upepo mbaya, ndege nyingi zikawa zinangojea kutua. Hiyo ya Avianca iliambiwa izunguke angani, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwa jumla dakika 77. Na ndege si gari, huwezi kuiegesha pembeni ya njia ungojee. Kila mzunguko unakula mafuta.

Rubani musaidizi ndiye alikuwa anaongea Kiingereza kwenye redio. Kwenye mzunguko wa tatu aliomba «priority», ni kusema wapitishwe mbele. Akasema wanaweza kungojea dakika tano hivi tu, na kwamba Boston, kiwanja chao cha akiba, hawawezi tena kufika. Ile habari ya Boston, mwongozaji aliyepokeza ndege kwa mwenzake hakuisikia. Yule mwenzake alipata habari ya dakika tano peke yake, na ndege ikawekwa kwenye mustari pamoja na zingine.

Walipojaribu kutua, upepo uliwasukuma chini mbele ya kufika kwenye kiwanja, wakapanda tena juu. Sasa kapiteni akamwambia musaidizi wake, kwa Kihispania, awaambie kama wako katika hatari. Musaidizi alifungua redio, akarudilia kwanza maelekezo aliyopewa, kisha mwishoni, kama mtu anayeongeza jambo dogo, akasema mafuta yanawaishia. Mwongozaji akajibu: sawa. Baadaye akawauliza kama wanaweza kuzunguka maili 15 hivi, kama mafuta yao yatakubali. Jibu lilikuwa kwamba anafikiri ndiyo, asante sana.

Ile asante inauma kuisoma. Kapiteni alikuwa akiuliza: umewaambia? Musaidizi anajibu ndiyo, nimekwisha kuwaambia. Na kweli aliambia. Lakini aliambia kama mtu anayeomba nafasi kwenye mustari, si kama mtu anayezama.

Mashini zote ine zilizimika, ndege ikaanguka juu ya kilima huko Cove Neck, karibu na New York. Watu 73 walikufa. Moto mkubwa haukuwaka, kwa sababu matangi yalikuwa matupu.

Mtu atauliza: kusema mafuta yanaisha, je, haitoshi? Haitoshi. Ndege yoyote inayofika mwisho wa safari ndefu mafuta yake yamepunguka, na usiku ule ndege nyingi zilikuwa zimezungushwa. Ni neno la hatari, lile la «emergency» ao «mayday», linalomlazimisha mwongozaji kusafishia ndege njia mbele ya zingine zote. Uchunguzi ulionyesha kwamba marubani wa kampuni ile wangeweza kufikiri «priority» na «emergency» ni kitu kimoja. Kwa mtu wa mnara, hayako kitu kimoja hata kidogo. Wachunguzi waliweka kosa kwanza kwa marubani, lakini walisema pia kwamba kulikosekana maneno yaliyokubaliwa na wote juu ya upungufu wa mafuta.

Maneno hayo yako leo. Kuanzia 2012, sheria za shirika la kimataifa la safari za ndege, OACI, zinatofautisha mambo mawili. «Minimum fuel» maana yake: tukicheleweshwa zaidi, tunaweza kuingia katika shida. «Mayday fuel» maana yake: tayari tuko ndani ya shida. Na «mayday» yenyewe, anayejua Kifaransa ataisikia mara moja: ni «m'aidez», nisaidieni, lililogeuzwa na mdomo wa Waingereza. Linasemwa mara tatu.

Redio yenyewe pia inaweza kusaliti. Huko Tenerife, Uhispania, tarehe 27 mwezi wa tatu 1977, mnara na ndege moja walisema kwa wakati mmoja kwenye laini ileile. Ndege nyingine ikasikia mluzi tu na vipande vya maneno, ikaendelea kukimbia ili iruke. Watu 583 walikufa. Tangu hapo, neno la kuruka halisemwi ovyo: linatumiwa tu wakati wa kutoa ruhusa ya kuruka ao kuiondoa, na rubani anapashwa kuirudilia.

Hapa kwetu Kongo, mnara na rubani wanaweza kuongea Kifaransa, juu sheria inakubali luga ya inchi iliyo chini ao Kiingereza. Lakini angani kunapita marubani wa inchi nyingi, na asiyejua Kifaransa anaongeleshwa Kiingereza. Ndiyo maana tangu 2008 OACI inaomba rubani wa safari za kimataifa na mwongozaji wapite mtihani wa luga wanayotumia kwenye redio. Alama ya chini inayokubaliwa ni ya 4 juu ya 6, na mwenye kupata 4 anashauriwa kupimwa tena kila miaka mitatu.