Keroma ya Ngano, na Ule Ukungu Kwa Glasi

Msee wa Kanairo akiletewa bia yenye haionyeshi upande wa pili, anajua tu imeoza. Anainua glasi kwa taa, anamcheki weita vibaya, anauliza kama ameletewa ya kuosha meza. Simlaumu. Kenya Breweries wako kwa hii biashara tangu 1922, na Tusker imetuzoesha bia ni ya dhahabu, safi, asilimia 4.2, swali ikiwa moja tu: baridi ama moto?

Base kama Brew Bistro ya Ngong Road ndio zilichanua wasee mob ati keroma inaeza pikwa hapo hapo ndani, matangi ya chuma yakikuangalia. Siku ukiland kwa base ya aina hiyo, itisha ya ngano. Na usikimbilie nusu lita. Omba kale ka glasi ka kuonja, hakuna mtu atakuona msoto.

Cheki povu kwanza. Ni nzito, nyeupe, na haina haraka ya kushuka, juu ngano iko na protini kuliko shayiri. Hiyo protini ikishikana na hamira yenye haijachujwa ndio inaleta ule ukungu. Sasa ingiza pua. Ndizi! Na si kale ka harufu ka kubahatisha. Ni ndizi imeiva mpaka ngozi imeanza madoa. Nyuma yake kuna karafuu, kama pilau ya jirani ikipita kwa dirisha. Wasee hubisha wakisema lazima mpishi ametupia kitu ndani. Hakuna. Ni hamira pekee inafanya hiyo kazi: ikikula sukari ya nafaka inatoa isoamili asetati, na hiyo ndio inanukia ndizi. Uchungu karibu haupo. Nguvu huwa hapo kwa asilimia 5, kwa hivyo isikudanganye na huo utamu.

Kwa mpishi, hata hivyo, ngano ni noma. Haina maganda kama shayiri, kwa hivyo uji unashikana kwa tangi kama ugali na maji haipiti. Wengine huongeza maganda ya mchele ndio ichujike.

Hii staili imetoka Bavaria, huko Ujerumani, na stori yake iko na ujanja wa mabuda. Sheria ya 1516 ilisema bia ni shayiri, hopsi na maji, basi. Ngano iachiwe mkate. Lakini familia fulani za wakubwa zikapewa ruhusa ya kupika ya ngano, na 1602 Maximilian, mtawala wa huko, akajichukulia hiyo biashara yote. Raia wakatazwe, mkubwa aunde ganji. Unaijua hiyo sinema? Ilibidi ifike 1872 ndio Georg Schneider akanunua haki ya kuipika kutoka kwa mfalme. Wabelgiji nao wako na yao, wanaweka dania na maganda ya machungwa. Mimi hiyo inanibamba saa ya jua kali, lakini ya Bavaria ndio iko na mwili.

Chenye hunichekesha ni vile tunaogopa ukungu na shosh zetu wamepika busaa miaka yote. Unga ya mahindi inachachuliwa, inakaangwa, inapewa wimbi iliyomea, halafu wazee wanaketi kwa nyungu moja na mirija mirefu. Nzito, chachu, na huoni ndani hata ukiweka tochi. Kwa hivyo kijana wa ocha aliyeonja busaa kwa Guka atamanya hii ya ngano haraka kuliko sonko wa Kileleshwa mwenye amekunywa lager maisha yake yote.

Ikiwa ya chupa, mimina polepole, glasi ikiwa imelala kiasi, bakisha kidogo chini, zungusha chupa ndio ile hamira iamke, halafu malizia. Dishi yake ni samaki ama kuku ya pilipili kidogo. Mbuzi choma ataimeza yote, hutasikia ndizi wala karafuu. Na ukiitisha ya pili, gari iwache hapo. Alkoblo haijali kama ulikunywa ya ngano.