Mbolea ya Majani katika Majaruba ya Mpunga

Wakulima wa Mwea, ambako mpunga umelimwa kwa maji ya mifereji tangu miaka ya 1950, yawapasa kulizingatia jambo hili. Marejea au kunde zifukiwapo zikali mbichi hurutubisha udongo, hata haja ya kununua mbolea ya chumvichumvi ikapungua. Lakini zikifukiwa na maji yakaingizwa papo hapo, huoza pasipo hewa na kutoa methani, gesi izidishayo joto la dunia. Basi na zifukiwe yapata mwezi mmoja kabla ya kuingiza maji, zipate kuoza katika udongo mkavu. Tena jaruba likaushwe kidogo katikati ya msimu. Hivyo methani hupungua, na fedha ya mbolea hubaki nyumbani.