Fahamu: Kwa nini Maktaba ya Uingereza ilichelewa kurudi mtandaoni

Tarehe 28 Oktoba 2023, tovuti ya Maktaba ya Uingereza jijini London ilizimika. Kundi la wadukuzi la Rhysida lilikuwa limenakili takriban gigabaiti 600 za data, likafunga mafaili na kuharibu seva. Lilidai bitcoin 20. Maktaba haikulipa, na ilifanya vyema: anayelipa hana hakika ya kurudishiwa kitu, na fedha zake hugharimia shambulio lijalo. Taarifa binafsi za wafanyakazi zilimwagwa mtandaoni, na hilo ni dhuluma kwa watu wasio na hatia.

Ripoti ya maktaba ya Machi 2024 ilitaja seva ya kufanyia kazi kwa mbali, isiyo na uthibitisho wa hatua mbili, kuwa ndiyo njia iliyoelekea kutumika kuingilia.

Nakala salama za makusanyo ya kidijitali zilikuwepo. Kilichokosekana ni mahali pa kuzirejeshea, kwani seva ziliharibiwa na programu nyingi za zamani zisingeweza kufufuliwa. Katalogi ilirudi 15 Januari 2024, kwa kusoma tu.

Kwa kujifunza kutokana na hayo, mwenye tovuti ndogo iliyodukuliwa, iwe ya duka au ya msikiti, aiondoe hewani kwanza. Abadilishe nywila zote kwa kompyuta iliyo safi, kisha arejeshe nakala ya kabla ya uvamizi, maana wadukuzi huingia siku kadhaa kabla ya kujidhihirisha na nakala ya jana huenda imebeba programu hasidi ileile. Asiifungue kwa umma kabla ya kuziba tundu walilopitia.