Nzi wa Manyoya: Kazi ya Mikono Inayoanza na Soko



Katika vikao vya miradi swali moja hurudi mara kwa mara. Kina mama na vijana wanaoponda mawe na kushika zebaki kwenye machimbo madogo ya Geita na Shinyanga watapata wapi kazi nyingine, isiyodai shamba wala mtaji mkubwa? Katika toleo hili tunaeleza kazi moja ambayo majirani zetu wa Kenya wameifanya kwa miaka mingi: kutengeneza nzi wa bandia wa kuvulia samaki. Lengo si kwamba kila usharika uianzishe. Tunaieleza kwa sababu inaonyesha wazi kinachobeba mradi wa kazi za mikono na kinachouangusha.

Nzi wa bandia ni nini?

Mvuvi wa Ziwa Victoria anayetafuta sangara kwa ndoana hutumia chambo cha samaki wadogo. Trauti ni samaki wa namna nyingine. Huishi katika maji baridi ya milimani, na sehemu kubwa ya chakula chake ni wadudu. Mdudu halisi ni mdogo na laini mno, hakai kwenye ndoana. Kwa hiyo mvuvi hufunga manyoya na uzi juu ya ndoana mpaka ionekane kama mdudu.

Ufundi huu ni wa kale. Aelianus, mwandishi wa Roma aliyeishi karibu na mwaka 200 B.K., alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyozungushia ndoana sufu nyekundu na kuongeza manyoya mawili ya jogoo.

Trauti si samaki wa asili wa Afrika Mashariki. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alileta trauti kutoka Loch Leven, Scotland, akawapandikiza katika mto Gura kwenye milima ya Aberdare, Kenya. Walowezi walipovua walihitaji nzi, na wenyeji wakajifunza kuwafunga. Leo karakana za Kenya huuza nzi Ulaya na Marekani, kwa watu wanaovua kama mchezo. Wengi wa wafungaji ni wanawake.

Hufungwaje?

Vifaa ni vichache: jiliwa dogo la kubana ndoana, mkasi mkali, bobini ya uzi mwembamba na vanishi. Kazi hufuata hatua hizi:

1. Ndoana hubanwa kwenye jiliwa, kisha uzi huzungushwa kutoka karibu na tundu hadi mwanzo wa mkunjo.
2. Nyuzi chache za unyoya hufungwa nyuma ziwe mkia.
3. Manyoya ya sungura husokotwa juu ya uzi na kuzungushwa ili kupata mwili, kisha waya mwembamba hupitishwa juu yake kama pingili za mdudu.
4. Unyoya wa shingo ya kuku huzungushwa mbele uwe miguu.
5. Kichwa hufungwa kwa fundo na kupakwa tone la vanishi.

Wako nzi wanaoelea na wanaozama. Anayeelea huhitaji unyoya mgumu wa jogoo, na anayezama hutumia unyoya laini wa tetea. Wengine huwekewa ushanga wenye rangi ya dhahabu kichwani ili wazame haraka, lakini ushanga huo ni wa shaba nyeupe au tangsteni.

Ndoana zenyewe ni ndogo. Kama wavuvi wetu wajuavyo, namba ikiwa kubwa ndoana huwa ndogo, na nzi wengi wa trauti hufungwa kwenye namba 10 hadi 18. Fundi mzoefu humaliza nzi wa kawaida kwa dakika chache.

Ugumu uko wapi?

Ugumu wa kwanza ni usawa. Nzi huuzwa kwa dazeni, na mnunuzi hutaka wote 12 wafanane kwa urefu wa mkia, unene wa mwili na ukubwa wa kichwa. Kwa muda mrefu baadhi ya nzi wa Kenya walisifika kwa bei nafuu na kulaumiwa kwa kufumuka haraka, wakati karakana zenye ukaguzi mkali zilijenga jina zuri.

Ugumu wa pili ni malighafi. Mtu anaweza kudhani jogoo wa nyumbani anatosha. Hata hivyo manyoya bora ya nzi wanaoelea hutoka kwa kuku waliochaguliwa kwa vizazi vingi nchini Marekani, na huagizwa kutoka huko. Manyoya ya ndege wa porini hayachukuliwi bila kibali cha serikali.

Ugumu wa tatu ni umbali wa soko. Hapa kwetu hakuna mto wa trauti, kwa kuwa maji ni ya joto. Mnunuzi yuko ng'ambo, na Kenya inashindana na nchi kama Sri Lanka na Thailand.

Tujifunze nini?

Kabla kamati haijaandika andiko la mradi, uwe wa nzi, vikapu, sabuni au ushonaji, ijibu maswali matatu. Mnunuzi ni nani, na amekubali kununua kiasi gani? Malighafi inatoka wapi ikiwa mfadhili ameondoka? Je, kikundi kinaweza kutoa dazeni moja inayofanana, na mwezi ujao kikarudia?

Mama anayeacha kushika zebaki anaacha pia kipato cha siku ile. Tukimfundisha ufundi usio na mnunuzi, atarudi machimboni akiwa maskini kuliko alivyotoka. Kwa hiyo tunaomba kila kamati ianze na sampuli 12 mkononi mwa mnunuzi, ndipo ifuate bajeti ya mafunzo. Wafadhili nao tunawaomba wakubali kugharamia hatua hiyo ndogo ya mwanzo, hata kama haina jengo la kupigia picha.