Je, Wajua? Jengo Lisilo na Ukuta Wala Paa

Je, wajua kuwa jengo linalotegemewa kuliko yote katika shamba la karafuu la Pemba halina ukuta wala paa? Ni sakafu tu, na wenyewe huiita hivyo hivyo. Zamani ilikuwa ya chokaa, siku hizi saruji, na huwekwa peupe pasipofikiwa na kivuli. Karafuu huanikwa hapo siku nne hata saba za jua zuri. Asiye na sakafu hutandika majamvi uani au kando ya barabara, ndiyo maana msimu ukikolea, abiria wa Chake Chake kwenda Wete huinusa karafuu kabla hajaiona.

Mabwana wa mashamba ya Uingereza waliinua maghala ya nafaka juu ya mawe yenye vichwa kama uyoga, panya asipande. Pemba adui ni mvua, nayo huanguka kutoka juu. Msimu mkubwa huanza kama Julai, na ukichelewa hukutana na vuli. Kwa hiyo bohari hujengwa hatua chache tu kutoka kwenye sakafu. Wingu likitanda, mtu mmoja hupiga kelele, "Anueni!" na kila aliyepo, hata mgeni, hushika pembe ya jamvi. Karafuu mbichi ikilundikwa na unyevu wake huvunda, ikapauka na kusinyaa, na bei huporomoka. Iliyokauka sawasawa hukatika kwa mlio ukiivunja kwa vidole. Katika kilo tatu mbichi hubaki kama moja.

Je, wajua kuwa ni kimbunga kilichoipa Pemba enzi yake? Aprili 1872 upepo uliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, lakini Pemba ikanusurika. Tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar hutoka Pemba. Waliochuma na kuanika miaka ile wengi walikuwa watumwa, jambo ambalo wasifiao harufu ya karafuu hulisahau upesi. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897, na mwaka huohuo Waquaker kutoka Uingereza wakafika kisiwani. Walianzisha misheni yao Banani, wakawa na shamba la karafuu na kuwaajiri waliotoka utumwani. Basi shamba la Waingereza Pemba lilikuwapo, ila nalo lilihitaji jua.

Unguja, mwenye mashamba mkubwa kuliko wote alijenga kwa anasa zaidi. Kidichi, katikati ya mikarafuu na minazi, mtawala wa Zanzibar, Sayyid Said bin Sultan, alimjengea mkewe wa Kiajemi hamamu mwaka 1850 hivi. Hamamu lingalipo, na ndani utaona nakshi za ndege na maua kwenye chokaa.

Turudi kwenye sakafu yetu, jioni. Wachumaji wamerudi na mapakacha, na wanawake na watoto wamekaa chini kuchambua. Kishada husukumwa kwenye kiganja na kuzungushwa, karafuu zikadondoka huku, makonyo kule. Hayo makonyo usidhani ni takataka. Nayo huanikwa kwenye kona yake, kisha hupelekwa kiwandani Wawi, karibu na Chake Chake, yakakamuliwa mafuta kwa mvuke. Ukienda kwa daktari wa meno ukasikia harufu ya karafuu, huenda ni makonyo hayo.