Bei ya Kuruka na Nani Anayenufaika

Bei ya chakula ikipanda ghafla, wengi wetu humtazama mwenye duka kwa jicho la shaka na kumwita mlanguzi. Lakini yaliyotokea Ngara na Biharamulo, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, yanaonyesha kwamba bei ya kuruka huweza kuzaliwa bila njama ya mtu. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wa Kinyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi na kupiga kambi Benaco, wilayani Ngara. Walaji waliongezeka kwa usiku mmoja, ilhali migomba haizai kwa amri. Utafiti wa Jennifer Alix-Garcia na David Saah, uliochapishwa 2010 kuhusu ujio wa wakimbizi katika eneo hilo, uligundua kuwa vyakula ambavyo havikuwamo kwenye mgawo wa msaada vilipanda bei sana, na vile vilivyogawiwa vilipanda kidogo tu.

Atasema mtu: sababu iwe yoyote, mlaji ameumia. Ni kweli kwa anayenunua kila kitu sokoni, na utafiti huohuo uliona kaya za mijini zikiathirika. Kaya za vijijini, zenye mazao ya kuuza, zilinufaika. Wala hoja hii haiwasafishi wanaoficha bidhaa ili zipande. Hao sheria iwabane. Ila pale ambapo uhaba ni wa kweli, dawa ni kuongeza chakula sokoni. Kumkamata muuza ndizi hakuongezi mkungu hata mmoja.