Barua Mbili Mezani: Kuchagua Chuo Kidogo Marekani (Sehemu ya Pili)

Binti wa dada yangu alinijia jioni moja na barua mbili za vyuo, amezichapisha saiba ya mtaani. Kila barua ameipigia mstari wa kalamu nyekundu kwenye jumla ya ufadhili. "Mjomba, hiki kinanipa dola 62,000 kwa mwaka, na hiki 55,000. Si nichukue hiki cha kwanza?"

Nikamwomba kalamu. Chuo cha kwanza kiligharimu dola 84,000 kwa mwaka, cha pili 61,000. Tukatoa. Cha kwanza kilibakisha dola 22,000, cha pili 6,000. Akanyamaza kidogo, kisha akaandika kila kiasi kwa maandishi makubwa juu ya karatasi yake.

Juma lililopita nilieleza namna ya kuomba nafasi. Leo majibu yamekuja, na vyuo vingi vya huko vinataka jawabu kufikia tarehe 1 Mei. Barua isomwe kuanzia kile kinachobaki mkononi mwa mzazi. Kisha ulizeni ambavyo barua haikuvitaja: bima ya afya, ambayo vyuo vingi humlazimisha mgeni kuwa nayo, chakula na malazi bweni likifungwa Desemba, nauli. Mpwa wangu mwingine aliletewa bili ya bima mwezi Agosti, nyumbani tumeshakopa ya tiketi. Chuo hakikumdanganya, hatukuuliza. Ulizeni pia kama ufadhili utaongezeka karo ikipanda, kwa kuwa hupanda karibu kila mwaka, na mgeni ambaye hakuomba ufadhili tangu mwanzo mara nyingi haruhusiwi kuuomba baadaye.

Hesabu hiyo ndiyo inayoingia kwenye fomu ya I-20 ambayo chuo hukuandikia. Fomu inaonyesha gharama za mwaka na nani atazilipa, na afisa wa ubalozi ataitazama kabla ya kukupa viza ya F-1. Pengo la dola 22,000 lisilo na mlipaji halijazwi kwa matumaini. Wala msitegemee kibarua: mwenye viza hiyo haruhusiwi kupita saa 20 kwa juma wakati wa masomo, tena kwa kawaida ndani ya chuo tu.

Sasa tuziache barua zake kidogo, tuchukue vyuo viwili vingine ambavyo mambo yake yako wazi, tuone jinsi vyuo vya ukubwa unaokaribiana vinavyoweza kuwa nyumba mbili tofauti kabisa.

Berea kipo Kentucky, chini ya milima ya Appalachia. Kilianzishwa mwaka 1855 na John G. Fee, mhubiri aliyepinga utumwa katika jimbo la watumwa, na baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe weusi na weupe wakasoma pamoja mpaka sheria ya jimbo ilipowatenganisha mwaka 1904. Carter G. Woodson, mwanahistoria aliyeasisi juma la historia ya Waamerika weusi, alihitimu hapo mwaka 1903, mlango ukiwa unakaribia kufungwa. Tangu 1892 chuo hiki hakitozi karo. Kinachukua watoto wa familia zisizo na uwezo, na kila mwanafunzi ana kazi ya angalau saa 10 kwa juma: maktaba, jikoni, shambani, karakana ya mifagio, au hoteli ya chuo. Kazi hiyo hupimwa na kuwekewa kumbukumbu yake kama masomo. Mgeni anayekubaliwa hulipiwa karo, malazi, chakula na ada za mwaka wa kwanza. Miaka inayofuata hutarajiwa kuchangia kutokana na kazi za likizo.

Grinnell kipo Iowa, katikati ya mashamba ya mahindi, kwenye mji wa watu wapatao 9,000. Kina wanafunzi 1,700 hivi na akiba ya zaidi ya dola bilioni 2. Sehemu ya utajiri huo ilitokana na Robert Noyce, mhitimu wa 1949 aliyeshirikiana kuanzisha Intel. Chuo kiliwekeza humo mapema. Hapa mwanafunzi halazimishwi somo lolote la jumla isipokuwa semina moja ya muhula wa kwanza. Mwalimu wa semina ndiye humshauri mpaka achague fani yake, na mengine yote hupangwa baina yao wawili.

Uhuru huo ni mzuri kwa mtoto aliyezoea kuuliza. Aliyefunzwa kungoja kuambiwa anaweza kumaliza mwaka mzima akizungukazunguka, na kwake mimi ningechagua Berea, yenye masomo ya msingi ya lazima na saa za kazi zinazompangia siku. Anayetaka uuguzi, Berea ina shahada yake, Grinnell haina. Anayetaka udaktari ajue kwamba huko shule ya udaktari huja baada ya shahada ya kwanza, na nyingi huchukua wageni wachache sana.

Kuna jambo ambalo wazazi hawaulizi kabisa, nalo kwangu ndilo zito. Katika chuo kidogo, idara inaweza kuwa na walimu watatu au wanne tu. Mmoja akienda likizo ya utafiti, somo lake linalala mwaka mzima. Mwongozo wa masomo huorodhesha yote yanayoweza kufundishwa. Ratiba ya muhula huonyesha yaliyofundishwa kweli. Fungueni ratiba za miaka miwili iliyopita. Tulifanya hivyo kwa simu ya binti yetu. Somo la takwimu lililomvutia katika chuo cha kwanza lilikuwa kwenye mwongozo, lakini katika mihula minne halikuonekana hata mara moja.

Dada yangu alikuwa na lake. "Hivi vyuo mbona hatujavisikia?" Nikamkumbusha Wangari Maathai. Mwaka 1960 alipelekwa Mount St. Scholastica, chuo kidogo cha wasichana cha masista Wabenedikto, mjini Atchison, Kansas. Nani kwao Nyeri alikuwa amekisikia? Alisomea biolojia, akahitimu 1964, na biolojia hiyo ikampeleka Pittsburgh kwa shahada ya pili.

Usiku ule binti aliandikia idara ya hisabati ya chuo cha pili. Aliuliza nani atafundisha takwimu mwaka ujao, na kama anaweza kuzungumza na mwanafunzi mmoja kutoka Afrika aliyebaki bwenini Desemba iliyopita. Mwalimu alimjibu mwenyewe baada ya siku mbili, akamtajia masomo mawili na mihula yake. Tarehe 29 Aprili akakubali nafasi.

Juma lijalo: mahojiano ya viza, na karatasi za kubeba.